Deni la Mwanga

Lenzi ya milimita 600 isiyofika kilo moja ni kitu ambacho wapiga picha wa wanyama wa zamani wasingekiamini hata wangeapiwa. Canon ilipoitangaza RF 600mm f/11 mwezi Julai 2020, pamoja na nduguye wa milimita 800, wengi walicheka kwanza wakasoma bei baadaye. Walichokicheka ni ile namba 11. Walipofika kwenye bei, dola 699 za Kimarekani, kicheko kikapungua. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha mwaka ule, hizo zilikuwa kama shilingi milioni moja na laki sita za Tanzania kabla ya usafiri na ushuru, yaani chini ya pikipiki mpya. Lenzi ya kampuni hiyohiyo yenye milimita 600 na namba 4 wakati huo iliuzwa dola 12,999, karibu shilingi milioni thelathini, na uzito wake unapita kilo tatu. Hii ndogo ina gramu 930.

Namba hiyo inaeleza upana wa tundu linalopitisha mwanga. Gawanya 600 kwa 4, unapata milimita 150. Gawanya 600 kwa 11, unapata kama 55. Hapo ndipo kilo zilipotolewa, na mamilioni yakatoka nazo. Lakini tundu dogo linapitisha takriban sehemu moja tu ya nane ya mwanga unaopita kwenye lile kubwa, kwa hiyo aliyenunua lenzi hii amechukua mkopo. Kila anapoitoa begini anadaiwa mwanga. Ufundi ninaotaka kuusifu hapa ni wa kulilipa deni hilo, tena kulilipa bila kulalamika.

Nimeujua ufundi huo kwa kumtazama mpiga picha mmoja wa Kasulu, mkoani Kigoma, ambaye riziki yake ni harusi, kipaimara na picha za pasipoti. Siku zisizo na sherehe hupanda pikipiki akapita Kitanga, kwenye udongo mwekundu, migomba na mashamba ya maharage, kisha miombo, mpaka ardhi inapoanza kuinama kuelekea maji ya Malagarasi. Mto huu unaanzia upande wa mpaka wa Burundi, unazunguka nchi ya Waha kwa mkunjo mkubwa, unaingia kwenye vinamasi na kukutana na Muyovozi, ndipo unapogeuka magharibi kwenda Ziwa Tanganyika. Eneo la Malagarasi-Muyovozi liliandikishwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar. Lina zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Ni kubwa hivyo, na bado Mtanzania wa kawaida ameona picha nyingi zaidi za simba wa Serengeti kuliko za kiumbe chochote kinachoishi humo.

Kiumbe anachokifuata yeye ni korongo nyangumi. Ni ndege wa kijivu, anafika mita 1.1 hadi 1.4 akisimama, mdomo wake ni mpana na mzito kupita kiasi, na ncha yake imepinda kuwa ndoana. Duniani anapatikana katika vinamasi vichache tu, hasa vya Sudan Kusini, Uganda, mashariki mwa Kongo, kaskazini mwa Zambia na huku kwetu magharibi. Anakula kamongo na kambare. Anawapata kwa kusimama. Anasimama pembeni ya kijito katikati ya mafunjo, kichwa kimeinama, na anaweza kukaa hivyo muda mrefu mpaka mtazamaji aanze kushuku kwamba ameonyeshwa kisiki.

Ndege wa namna hii na lenzi ya namna hii ni kama waliumbiwa kukutana. Lenzi yenye tundu dogo inahitaji shata ikae wazi muda mrefu ili mwanga wa kutosha uingie, na mnyama anayehangaika huharibu picha ya aina hiyo. Korongo nyangumi hahangaiki. Unaweza kumpiga kwa 1/60 ya sekunde, hata chini ya hapo, naye akatoka na kila unyoya mahali pake. Kitakachotikisika ni mikono yako.

Na mikono inatikisika kweli, kwa sababu kinamasini hakuna pa kusimama. Unakwenda kwa mtumbwi. Stendi ya miguu mitatu ndani ya mtumbwi ni mzigo wa kuchekesha: miguu haina pa kukaa, na hata ikipata, kila mwendo wa maji unapanda moja kwa moja hadi kwenye kamera. Lenzi ya kilo tatu itashikwa mkononi dakika chache, kisha mabega yaanze kutetemeka, na ndege bado hajageuza hata jicho. Ile ya gramu 930 inashikika asubuhi nzima. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita lenzi ya wanaoanza. Ni lenzi ya mahali ambapo gari halifiki, na sehemu kubwa ya nchi hii yenye wanyama na ndege ni mahali pa namna hiyo.

Tazama mpiga picha huyo anavyoishika. Haketi kwenye ubao wa mtumbwi. Anakaa chini kabisa, mgongo umeegemea ubavu, magoti ameyainua. Viwiko viwili vinatua juu ya magoti. Kiganja cha kushoto kinabeba lenzi kutoka chini, karibu na mdomo wake wa mbele, wala hakibani kitu. Jicho limegandamizwa kwenye kitazamio, kwa hiyo paji la uso nalo ni nguzo. Anavuta pumzi, anaitoa nusu, anaacha. Kidole hakidonoi kitufe. Kinazama taratibu na kubaki kimezama, kamera ipige picha nne au tano mfululizo. Ya kwanza mara nyingi hubeba mshtuko wa kidole. Ya tatu ndiyo huwa safi. Ndani ya lenzi kuna kioo kinachosogea kupinga mtikisiko, na watengenezaji wanasema kinaokoa hatua tano, yaani palipotaka 1/600 ya sekunde unaweza kujaribu 1/20. Rafiki yangu huyo haamini tano. Anaamini tatu na nusu, na hiyo nusu anasema ni ya mwenye mtumbwi.

Mwenye mtumbwi ni mzee mvuvi. Ameshika pondo miaka mingi, na anajua kuusimamisha mtumbwi ndani ya mafunjo kwa namna ambayo mashina yenyewe yanaubana usicheze.

"Mzee, tunaweza kusogea kidogo?" kijana mpiga picha anauliza kwa kunong'ona.

"Tulia, mwanangu. Yule haondoki. Tutakaoondoka ni sisi."

Basi wanatulia. Kwa umbali wa mita 50, milimita 600 kwenye kamera yenye sensa kubwa inakata kipande cha mandhari chenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Ndege wa mita 1.2 anajaza zaidi ya nusu ya kimo hicho, na mafunjo yanabaki ya kutosha kuonyesha anaishi wapi. Ongeza umbali uwe mita 200, kipande kinakuwa mita 12 kwa 8, na ndege anageuka kuwa nukta yenye heshima. Picha nzuri kwa hiyo inapatikana katika mkanda mwembamba wa umbali: usimkaribie hadi ukamtoa kwenye kijito chake, usikae mbali hadi hewa ikakuibia. Kupima mkanda huo ni kazi ya mzee. Kijana hana aibu kulisema hilo, na mimi napenda fundi asiye na aibu ya namna hiyo.

Sasa saa. Kigoma inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, ingawa jua linaifikia baadaye sana. Huku linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Mwenye lenzi ya namba 4 anaweza kuanza kazi mbingu zikiwa bado za zambarau. Mwenye namba 11 akijaribu, kamera itapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, juu mno, na picha itajaa chengachenga. Anangoja. Kwenye saa moja na nusu mwanga unapita juu ya vichwa vya mafunjo na kuyagusa maji. Hapo 1/60 ya sekunde inapatikana kwa ISO 400, na rangi ya kijivu ya ndege inaonyesha ubluu wake. Kuanzia hapo kila dakika ni nafuu ya deni. Kisha, kwenye saa tatu na nusu au saa nne, nchi inapata joto na hewa inaanza kucheza. Mazigazi tunayoyaona kwenye lami mchana yapo kinamasini pia, ila macho hayayaoni. Lenzi ndefu inayaona. Kingo za mdomo zinayeyuka, jicho linakuwa tope. Hapo hata ile ya shilingi milioni thelathini haina msaada, maana kilichoharibika ni hewa iliyo kati yako na ndege. Wengi hulaumu lenzi yao ya bei rahisi kwa kosa hili la jua.

Kwa hiyo ana saa mbili, labda zaidi kidogo kukiwa na mawingu. Kuanzia Julai hadi Septemba kuna tatizo jingine: moshi wa mashamba na mbuga zinazochomwa, unaolala juu ya mabonde asubuhi kama shuka. Mvua zikianza, Oktoba au Novemba, hewa inaoshwa na kuwa safi ajabu, ila lenzi yenyewe haikuzibwa dhidi ya maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, basi yeye huivisha kofia ya plastiki ya kuogea, ya kike, yenye maua. Inatosha kabisa.

Ndani ya mrija wa lenzi hii kuna jambo linalostahili kutazamwa polepole. Kioo cha kawaida kinapopinda mwanga, kinaupinda wa bluu zaidi kuliko mwekundu, na ndiyo sababu lenzi ndefu za zamani zilizungushia vitu pindo za rangi. Dawa ya kawaida ni kuongeza vioo vingine vya kurekebisha, navyo vinaleta uzito. Njia ya pili, iliyofuatwa humu, ni kutumia kioo kilichochorwa miduara midogo sana, mmoja ndani ya mwingine. Miduara hiyo huutawanya mwanga kinyume: mwekundu unapindwa zaidi kuliko wa bluu. Ukikiweka kioo hicho pamoja na vya kawaida, makosa ya huyu yanafuta makosa ya yule, na mrija unakuwa mfupi na mwepesi. Canon iliitumia njia hii mara ya kwanza kwenye lenzi ya milimita 400 iliyotoka mwaka 2001, nayo ilikuwa ghali. Nikon nao walitoa milimita 500 ya aina hiyo mwaka 2018, ya kilo moja na nusu hivi. Wazo la kukata kioo kwa miduara ili kipungue unene ni la zamani: Mfaransa Augustin Fresnel alilitumia miaka ya 1820 kwa minara ya kuongozea meli, ingawa miduara yake ilifanya kazi kwa kupinda mwanga kama kioo chochote, na hii ya leo ni midogo kiasi kwamba inafuata kanuni nyingine.

Lenzi hii ina mambo mengine ya kibahili. Tundu lake halifunguki wala halifungiki. Ni 11 mchana kutwa. Lazima uivute kutoka kwenye sentimita 20 hadi 27 na kuifunga kwa kuzungusha, la sivyo kamera inakataa. Haishiki kitu kilicho karibu zaidi ya mita nne na nusu. Kamera nyingi za zamani zenye kioo cha kurukaruka ziliacha kutafuta fokasi zenyewe tundu likipita 5.6 au 8, kwa hiyo lenzi kama hii ingekuwa kipofu kwao. Ilibidi zije kamera zisizo na kioo hicho, zinazosoma fokasi kwenye sensa yenyewe. Hata hizo, kwa namba 11, nyingi hutafuta fokasi katika sehemu ya katikati tu. Kijana wa Kasulu amelikubali sharti hilo: anamweka ndege katikati, anaacha nafasi pande zote, na kupanga picha anakufanya nyumbani kwa kukata kingo.

Kinachonifurahisha zaidi ni pete. Mbele ya mrija kuna pete ambayo unaweza kuipa kazi upendayo, naye ameipa shata. Korongo nyangumi husimama, husimama, halafu ghafla hujitupa. Mwili mzima unaanguka mbele, mabawa yanafunguka, mdomo unazama na kutoka na samaki pamoja na kifungu cha majani. Kwa 1/60 ya sekunde tukio hilo litakuwa doa la kijivu. Lakini ndege anatoa ishara kabla. Shingo inashuka kidogo, mabawa yanalegea toka ubavuni, uzito unahamia mbele. Kijana anaiona ishara, kidole gumba kinazungusha pete, na shata inapanda kutoka 1/60 hadi 1/1000. Hizo ni hatua nne. ISO inajipandisha yenyewe kutoka 400 hadi 6400. Anakubali chengachenga ili apate mabawa. Mara nyingi ndege anabadili nia, na pete inarudi kimyakimya ilikotoka. Sijawahi kumwona akikasirika kwa hilo.

Wanaoidharau namba 11 wanasahau tulikotoka, na hawana haja ya kwenda mbali kukumbushwa. Upande wa magharibi wa mkoa huuhuu, Gombe, Hugo van Lawick alifika mwaka 1962 kupiga picha za sokwe mtu waliokuwa wakifuatiliwa na Jane Goodall tangu Julai 1960. Picha zake zilitoka katika National Geographic la Agosti 1963 na kuifanya Gombe ijulikane duniani. Fikiria alichokabili: mnyama mweusi, kwenye kivuli cha msitu, juu ya miteremko inayoshuka ziwani, na vifaa vya kubebwa. Kodachrome II, filamu ya rangi iliyotoka mwaka 1961, ilikuwa na wepesi wa 25 tu. Mtu aliyeweka filamu kama hiyo nyuma ya lenzi ya namba 4 alihitaji muda mrefu mara 32 kuliko anaouhitaji leo mwenye namba 11 na ISO 6400. Pale kijana wetu anapopata 1/640 ya sekunde, yule angepata 1/20. Ukilijua hilo, unakoma kuiita lenzi hii maskini. Umaskini wake ni wa kulinganishwa na majirani zake wa leo tu.

Kuhusu chengachenga, ana msimamo ninaoukubali. Picha ya harusi ikiwa na chengachenga, bibi harusi atauliza. Picha ya ndege akiwa amejitupa majini na samaki mdomoni, hakuna atakayeuliza. Programu za kusafisha picha kwenye kompyuta zimekuwa hodari, naye anazitumia kwa mkono mwepesi, kwa sababu zikizidi zinayageuza manyoya kuwa nailoni.

Wepesi una faida nyingine ambayo hutaiona kwenye maelezo ya duka. Mkoa huu una mpaka na Burundi, na umekuwa na kambi za wakimbizi, Nyarugusu na Nduta. Bomba kubwa jeupe la lenzi hapa linaanzisha maswali kila kizuizi, na yana haki ya kuulizwa. Mrija mfupi mweusi unaoingia kwenye begi la mgongoni pamoja na chapati unaleta maswali machache. Lengo si kujificha. Mapori ya akiba kama Moyowosi yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na yana vibali vyake, na kijana ana tabia ya kwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kumwonyesha picha za nyuma, na kumwachia mtoto wa mwenyekiti atazame tumbili kupitia kamera. Analofanya kwa siri ni moja: anafuta alama za mahali kwenye kila faili kabla ya kuitoa. Korongo nyangumi amekuwa akitafutwa na wafanyabiashara wa ndege hai, na ingawa Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, picha inayoonyesha kiota kilipo ni ramani ya bure.

Aliyevutiwa na habari hii asikimbilie kinamasini. Anunue iliyotumika, akikague kioo chake kwa tochi kama kina ukungu, kisha aanzie sokoni. Juu ya soko la Kasulu mwewe wanazunguka mchana kutwa wakivizia mabaki ya nyama, na jua kali la adhuhuri linaifanya namba 11 kuwa tajiri: kwa ISO 800 tu utapata 1/1600 ya sekunde, inayotosha kumgandisha mwewe anayegeuka. Ajifunze kumpata ndani ya dirisha lenye upana usiozidi nyuzi nne za anga. Hilo ndilo gumu la mwanzo. Jicho tupu linamwona mara moja, lenzi inaonyesha bluu tupu. Njia ni kumkazia macho mwewe, kupandisha kamera mbele ya jicho bila kuyahamisha macho, na kurudia mpaka shingo na mikono vizoeane. Wauza nyama watacheka siku za kwanza, halafu wataanza kumwelekeza mwewe anakotokea.